Ofisini, Mtani Wako Ni Nani?

Saa tatu usiku simu inalia. Ni ujumbe wa mkuu wa idara: "Kesho ukifika njoo ofisini kwangu." Basi, hakuna salamu wala sababu. Chakula kinakushinda. Unaipekua wiki nzima kichwani: ni ile ripoti iliyochelewa, au yale maneno uliyoyasema kantini? Wa nyumbani anauliza una nini, unajibu hamna kitu. Asubuhi unaingia kwake mdomo umekukauka, naye anakunyooshea funguo za stoo. Anasafiri, alitaka ubaki nazo.

Mkuu huyo hakukusudia kumnyima mtu usingizi. Alipoandika aliisikia sauti yake mwenyewe, sauti tulivu ya mtu aliyechoka mwisho wa siku, akadhani sauti hiyo imeondoka pamoja na maneno. Haikuondoka. Kilichofika ni maneno matupu, na mpokeaji akayavika sauti aliyokuwa akiiogopa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walipeleka kwa wenzao sentensi fupi fupi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Baadhi walizituma kwa barua pepe, wengine walizisema kwa sauti. Kwa njia zote mbili watumaji walitarajia kueleweka mara 78 katika kila 100. Waliosema kwa sauti walieleweka mara 73, si haba. Walioandika walieleweka mara 56 tu, na kumbuka kwamba hata anayebahatisha kwa kurusha sarafu hupata 50. Wapokeaji nao, pamoja na kukosea kote huko, walikuwa na hakika kwamba wameelewa sawasawa.

Watu wa kompyuta waliligundua tatizo hili mapema kwa njia ya ajali. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, walimu na wanafunzi walikuwa wakiandikiana kwenye ubao wa matangazo ndani ya kompyuta zao. Mmoja akafanya mzaha kwamba lifti ya jengo imechafuliwa na zebaki. Wengine wakauchukua kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba mwaka huo mtaalamu wa kompyuta wa hapo chuoni, Scott Fahlman, akapendekeza kwamba kila mzaha uwekewe alama ya :-), uso unaocheka uliolazwa ubavu, ili msomaji asipotee. Nyuso zote za njano tunazorushiana leo kwenye makundi ya kazini zinafanya kazi ile ile.

Lakini alama ya kicheko inajibu swali moja tu: je, huyu anatania? Lipo swali la pili, zito zaidi, ambalo hakuna alama inayoweza kulijibu: je, huyu ana haki ya kunitania mimi?

Swali hilo Kiswahili kimelijua tangu zamani, na ndiyo maana kina msamiati wake. Tuna mzaha na masihara, ambayo ni ya yeyote. Unayaanza ukitaka na kuyaacha ukitaka, ingawa wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Tuna dhihaka, kejeli na kebehi, ambazo daima ndani yake kuna mtu anayeumia. Kisha tuna utani, na huu hauko kundi moja na hayo mengine. Utani ni uhusiano kabla ya kuwa maneno. Tunasema "fulani ni mtani wangu" kama tunavyosema fulani ni jirani yangu au shemeji yangu. Hakuna anayesema "fulani ni mzaha wangu".

Mwanaanthropolojia wa Uingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumchokoza mwenzake, naye mwenzake analazimika kutokasirika. Tazama uzito wa neno hilo, analazimika. Miaka minne baadaye R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika hasa. Huyu alikuwa mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, milima ya Usambara, na nashukuru kwamba masikio yake hayakuishia kwenye milio ya ndege. Utani ulizunguka kila mahali alipokuwa akiishi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, kisha wakawa watani hadi leo. Wanyamwezi walipita katika nchi za watu wengi na misafara ya kwenda pwani, na njia hizo zikawaachia watani wengi. Mahali ambapo damu ilimwagika au ingeweza kumwagika, watu walifungua mlango wa kuchokozana bila kuuana.

Aliyewahi kuzika pamoja na watani anajua jambo hili lina kina gani. Mtani anaingia msibani akimwiga marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, anazuia jeneza mpaka alipwe, anatishia kulala kaburini. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe alfajiri akachimba kaburi, na ndiye atakayeosha masufuria. Haki yake ya kucheka imelipiwa kwa jasho.

Hapo ndipo naona shina la mada hii yote ya kutaniana kazini. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu vichekesho kazini unahangaika na maneno: mzaha gani unafaa, uwekwe wapi, barua pepe ianzeje ili ipendeze. Sisi tuna kipimo kizuri zaidi, nacho kinamhusu mtu. Aliyekushikia zamu siku mtoto wako alipolazwa, aliyekaa nawe hadi saa nne usiku mkifunga hesabu za mwaka, huyo akikutania mbele ya watu unacheka na wao wanacheka. Aliyehamia idarani wiki iliyopita akisema maneno yale yale, bila kubadilisha herufi, chumba kinanyamaza.

Mmarekani Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kicheko, alikusanya pamoja na wanafunzi wake vicheko 1,200 vya watu wakiwa katika shughuli zao za kawaida. Vilivyofuata kitu kinachofanana na kichekesho vilikuwa kati ya 10 na 20 katika kila 100. Vingine vyote vilifuata maneno ya kawaida kabisa, mfano wa "haya, tutaonana". Watu walicheka kwa sababu walikuwa pamoja.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha ndizi. Donald Roy, mwanasosholojia wa Marekani, alifanya kazi kiwandani kwenye chumba kidogo pamoja na wanaume wengine watatu, wakikata vipande kwa mashine, siku nzima mkono ukirudia kitendo kimoja. Ni kazi ya kumchosha mtu akili kabla ya mwili. Mwanzoni alidhani wenzake ni watu wa porojo zisizo na maana. Baadaye akatambua kwamba siku yao imegawanywa kwa michezo midogo, kila mmoja na saa yake. Mkubwa wa michezo hiyo ulikuwa wa ndizi. Kila asubuhi yule ambaye Roy katika maandishi yake alimwita Sammy alileta ndizi moja ya chakula chake cha mchana. Kila asubuhi aliyeitwa Ike aliichomoa kwenye kikopo cha mwenzake, akatangaza kwa sauti kwamba wakati wa ndizi umefika, akaila. Sammy alilalamika na kulaani. George, aliyekuwa mkubwa wao, alikemea kidogo. Kesho yake Sammy alileta ndizi nyingine. Hakuwahi kuila hata moja, wala hakuacha kuileta.

Nikisoma habari hiyo naona watani, ingawa hawakuwa na neno hilo. Ndizi ilikuwa malipo ya kila siku ya uhusiano wao, na saa za kazi zilipita kwa sababu yake.

Kisha kikaja kichekesho kilichoharibu yote. Binti wa George alikuwa ameolewa katika nyumba ya profesa, na hilo lilikuwa fahari ya George, jambo ambalo chumbani humo lilizungumzwa kwa heshima. Siku moja ukapenyezwa mzaha kwamba profesa yule ameonekana akifundisha kwenye chuo cha vinyozi. Roy mwenyewe alikuwa na mkono katika kuutunga. George hakucheka. Aliacha kuzungumza na wenzake, na kwa siku kadhaa kila mtu alibaki na mashine yake. Uchovu, ambao michezo ile ilikuwa imeufukuza, ukarudi miguuni.

Tofauti ya ndizi na profesa ni nini? Vyote vilikuwa vichokozi, kati ya watu wale wale, ndani ya chumba kile kile. Ndizi ilikuwa kitu kilichokwisha kuwekwa mezani kwa ajili ya kuchezewa, na mwenyewe aliirudisha kila asubuhi kwa hiari yake. Profesa alikuwa kitu cha thamani ambacho mwenyewe hakukitoa. Kila mfanyakazi ana ndizi yake na ana profesa wake. Kwa mmoja, ndizi ni uchelewaji wake au timu yake inayofungwa kila Jumapili, na profesa ni cheti alichokipata kwa kusoma jioni miaka sita. Usipojua kipi ni kipi kwa mwenzako, bado hujawa mtani wake.

Cheo nacho huingia. Radcliffe-Brown alitenganisha utani wa pande mbili, ambapo kila mmoja anamrudishia mwenzake, na ule wa upande mmoja, ambapo anayechokozwa anatakiwa kutabasamu tu. Ofisi nyingi zina ule wa upande mmoja na zinauita uchangamfu. Mwanasosholojia Rose Coser alisikiliza mikutano ya wafanyakazi wa hospitali ya magonjwa ya akili huko Marekani, na mwaka 1960 akaandika alichokiona. Madaktari wakubwa ndio waliotania zaidi. Wadogo hawakuwatania wakubwa waliokaa nao. Mzaha ulishuka ngazi kama maji yanavyoshuka mlima, na waliotania karibu wote walikuwa wanaume.

Kwa hiyo bosi anayetaka kujua kama wafanyakazi wake wanacheka naye au wanamchekea asihesabu vicheko. Atazame kama yupo anayeweza kumrudishia. Kama hakuna, basi aelekeze utani wake kwenye vitu visivyo na moyo: mashine ya kopi inayotafuna karatasi, jenereta, foleni ya Ubungo au ya barabara ya Mombasa pale Nairobi. Vitu hivyo ni adui wa wote, na kumcheka adui wa wote kunawaweka watu upande mmoja.

Kwa mwanamke aliye kazini hesabu ni ngumu zaidi, na inaniudhi. Utafiti wa Jonathan Evans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, uliochapishwa 2019, uliwaonyesha watu video ya meneja wa duka akitoa ripoti. Mwanaume alipoongeza vichekesho, watazamaji walimpandisha hadhi. Mwanamke aliposema vichekesho vile vile, walimshusha, wakaviona vinavuruga kazi. Wasimamizi wa vikao wanapaswa kulijua hili kabla ya kumwambia dada wa uhasibu kwamba hana uchangamfu. Huenda ameshapiga hesabu akaona kicheko chake kinamgharimu.

Halafu kuna utani wa nyumbani unaobebwa mzima mzima hadi ofisini. Babu kumwita mjukuu "mke wangu" ni jambo jema pale ukumbini kwa babu, penye bibi, penye wazazi, penye mpaka unaojulikana na kila mtu. Mkuu wa kitengo mwenye miaka 55 akimwita mfanyakazi wa mafunzo "mchumba", hakuna bibi pale, hakuna wazazi, na binti hawezi kuondoka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataja wazi maneno ya kingono, yawe ya kusemwa au ya kuandikwa, kuwa sehemu ya unyanyasaji wa kijinsia kazini. Kusema "nilikuwa namtania" hakusaidii kitu, kwa sababu utani hauna mtani mmoja.

Utani wa makabila nao unataka tahadhari ya mahali. Tanzania, Mpare na Mchagga wanaweza kuchokozana kuhusu fedha asubuhi hadi jioni na kazi ikaendelea, kwa kuwa wamerithi ruhusa hiyo na kila mmoja anajua zamu yake inakuja. Vuka Namanga. Kenya ilipita katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayofanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Maneno ambayo Moshi ni chai ya saa nne, Nakuru yanaweza kugusa kidonda cha nyumba iliyochomwa. Ukifanya kazi mahali kama Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Mtanzania anakaa meza moja na Mkenya, Mrundi na Mnyarwanda, acha kabila la mwenzako kabisa mpaka yeye mwenyewe alilete.

Nimesema mengi juu ya kicheko, lakini sehemu kubwa ya kile watu wanachokitamani wanapomwambia mwandishi wa ujumbe wa kazini "andika kama mtu" haihitaji kichekesho chochote. Wanataka kusikia kwamba kuna mtu upande wa pili wa maneno.

Aliyepita kwenye ofisi za umma Tanzania anaijua barua yetu kwa moyo. "Yah:" na kichwa kilichopigiwa mstari, kisha "Husika na mada tajwa hapo juu", kisha "Nimeelekezwa kukujulisha kuwa", na mwisho "Nakutakia kazi njema". Lugha hiyo si upumbavu, na wanaoibeza hawajafikiria kazi yake. Barua inaingia masijala, inapewa kumbukumbu namba, inafungwa kwenye jalada. Miaka 8 baadaye aliyeiandika amehamishiwa mkoa mwingine na aliyeandikiwa amestaafu, lakini barua bado inatakiwa kusimama yenyewe. Inanena kwa niaba ya kiti, na kiti hakitanii. Ndivyo inavyopasa.

Shida inaanza lugha ya jalada inapotoka masijala ikaingia kwenye tangazo la ukutani na kwenye kundi la WhatsApp la idara. Bomba limepasuka, na watu wanasoma: "Wafanyakazi wote mnataarifiwa kuwa, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, huduma ya maji haitapatikana hadi hapo mtakapojulishwa." Nani anataarifu? Sababu zipi? Niende wapi sasa hivi? Linganisha na hili: "Bomba la ghorofa ya pili limepasuka usiku. Fundi yupo tangu saa moja, anasema maji yatarudi saa nane mchana. Vyoo vya chini karibu na mlinzi vinafanya kazi. Chai ipo, maji yake tulichota jana." Sentensi ya mwisho itamfanya mtu atabasamu, lakini sauti ya binadamu ilishaingia tangu neno la kwanza, kwa sababu aliyeandika ameliona bomba.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyokumbuka. Tuna "pole na kazi", maneno matatu yanayomwambia mtu kwamba uchovu wake umeonekana. Tuna "shikamoo", tuna "samahani kwa kukusumbua", tuna "ndugu zangu". Salamu kwetu si pambo, na ujumbe usio na salamu unasomwa kama amri hata kama ni ombi. Ila salamu na shida yako viende pamoja. Anayeandika "Habari za asubuhi" akanyamaza dakika ishirini akisubiri kujibiwa ameleta mazoea ya sebuleni ambayo kwenye simu yanamtesa mwenzake. "Shikamoo dada. Naomba ile orodha ya wauzaji kabla ya saa sita, mkaguzi anaisubiri." Hapo heshima na sababu vimefika kwa mkupuo mmoja. Hata yule mkuu wa funguo angeongeza maneno machache tu: "Kesho ukifika pitia kwangu, kuna funguo za stoo nakuachia." Mtu angekula chakula chake.

Katika ofisi nyingi za Nairobi, na siku hizi Dar es Salaam pia, ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, kisha mtu anageukia Kiswahili pale anapotaka kuomba msamaha, kufariji au kutania. Kugeuza lugha kwenyewe ni ishara, ni kama kuvua koti na kukaa. Mwandishi makini anaitumia fursa hiyo kwa kujua anachofanya.

Na kuna habari ambazo kicheko hakizigusi: kupunguzwa kazi, ugonjwa, kosa la mtu mmoja mbele ya wengi, mshahara. Hapo mzaha, hata wa mtani wa kweli, unasikika kama kukimbia. Lakini ndipo sauti ya mtu inapohitajika kuliko siku zote, na ndipo wakubwa wengi wanapojificha nyuma ya neno "changamoto". Limekuwa shuka la kufunikia kila kitu: fedha hakuna, ni changamoto, mtambo umeungua, ni changamoto. "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wa menejimenti, mishahara ya mwezi husika itachelewa. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Usumbufu hautajitokeza. Utamkuta mtu mlangoni na mwenye nyumba wake.

Meneja aliye mbele ya karatasi hiyo anaweza kuandika hivi: "Ndugu zangu, mshahara wa mwezi huu hautaingia tarehe 25. Mteja wetu mkubwa hajatulipa, na fedha zilizopo benki hazitoshi kuwalipa wote. Nimeongea naye leo asubuhi, ameahidi Jumatatu. Jumatatu jioni nitawaandikia tena, awe amelipa au hajalipa. Najua kuna kodi za nyumba na ada za shule. Mwenye jambo lisiloweza kusubiri aje aniambie mimi mwenyewe, nipo hadi saa kumi na mbili." Chini yake aweke jina lake, na namba ya simu anayoipokea.